Octave Sumaili, Mkata Chikichi na Mume wa Léontine

Tunayemzika leo, Octave Sumaili, alizaliwa mwaka 1917 hapa Kalumbi, kwenye njia ya Kasongo kwenda Nyangwe. Mama yake alimwacha mchanga, akalelewa na dada yake mkubwa, Ernestine.

Alisoma miaka mitatu kwa mapadri wa Kasongo, akabatizwa Pasaka ya 1929. Kusoma alijua. Kuimba, hapana, padri alimwomba kwa upole wakati wa misa afungue kinywa tu, sauti abaki nayo.

Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya michikichi na kukata mashada, watu wapate mawese. Alipanda haraka na kuuza polepole. Mnunuzi aliyefika na haraka zake aliondoka amelipa zaidi.

Mwaka 1938 alimwoa Léontine, binti wa Kibangubangu kutoka Kabambare. Walijaliwa Roger na Mado.

Tarehe 14 Machi 1951 kamba yake ya kupandia ilikatika, akaanguka. Hospitalini Kasongo munganga alieleza kwamba mfupa wa mgongo umevunjika na kuuponda mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake; ndiyo maana miguu haikusikia tena moto wala baridi. Dawa ya kuirudisha haikuwapo. Agizo lilikuwa moja: ageuzwe ubavu huu na huu, mchana na usiku, ngozi isioze kwa kulaliwa. Léontine akafundishwa, akaishika kazi hiyo.

Ukoo nao ukatafuta wa kulaumiwa. Hapa kwetu mke wa mkata chikichi hafagii kiwanja mume akiwa juu ya mti, na asubuhi ile Léontine alionekana na ufagio. Baba mkubwa Célestin akaja na wazee.

"Muke huyu alikuangusha. Arudi kwao Kabambare."

"Kamba ilikuwa ya zamani, baba. Mimi mwenyewe niliisuka, mimi mwenyewe nikaona uvivu kuibadilisha."

"Kamba haivunjike bure."

Octave aliona kwamba kubishana hakutamsaidia. "Sawa, baba. Lakini nani atanigeuza?"

"Dada zako iko."

"Basi waanze leo."

Léontine alilia, akidhani ameuzwa. Alipokuwa akifunga mizigo, mumewe alimwita karibu. "Usibebe vyote. Sufuria kubwa uiache hapa."

Akaiacha.

Ernestine na wadogo zake wakaanza kazi kwa moyo. "Weye Octave, uko muzito kama pipa la mawese!"

"Niko nusu tu, dada. Nusu ya chini haisaidie kitu."

"Na usiku pia tukugeuze?"

"Mugongo haujue usiku."

Lakini dada hao walikuwa na mashamba, waume na watoto. Mara walichelewa, mara walisinzia. Juma halijaisha, Ernestine akaenda kwa Célestin, macho mekundu. "Baba, kama yule ni mulozi, basi ni mulozi anayejua kazi. Mumurudishe!"

Octave akakataa. "Aliyefukuzwa mbele ya watu harudi kimya kimya. Baba aende mwenyewe, aseme mbele ya wakwe kwamba ufagio hauangushe mutu."

Mzee akanuna siku mbili, kisha akaenda, akasema.

Léontine aliporudi alimgeuza mumewe, akakuta kidonda chini ya mgongo, kirefu cha kuingia kidole. "Ulijua kitatoka!"

"Nilijua. Ningekupata kwa bei gani ingine?"

Kidonda kile kilifunga na kufumuka miaka sita. Ernestine alipokitazama na kulia, Octave alimwambia, "Nyamaza, dada. Sikupunjwa."

Mwezi Juni 1957 kilifumuka tena, sumu yake ikaingia damuni, homa ikapanda. Alifariki tarehe 2 Agosti, kichwa chake mikononi mwa mkewe. Alipooshwa, mgongo wake wote ulikuwa safi, isipokuwa mahali pale tu.

Jana jioni, kabla mtu yeyote hajauliza, baba mkubwa Célestin alisimama kiwanjani akasema nyumba hii ni ya Léontine.

Marehemu anawaacha watoto wake Roger na Mado, dada yake Ernestine na wadogo zake, baba mkubwa Célestin, na mkewe Léontine, mwenyeji wa Kalumbi. Mungu ampumzishe Octave kwa amani. Na mjane wake asiulizwe na mtu anarudi kwao lini.