Kopo Lenye Njaa

Kijiwe cha Uyole, nyuma ya maegesho ya malori, asubuhi huwakuta watu wameshachoka kabla hawajafanya lolote. Gideoni, waliyemwita Ndola kwa sababu aliendesha lori hadi mji huo ng'ambo ya mpaka akarudi na kiuno kibovu na hadithi nyingi, alikuwa akitazama makopo mawili ya maharage ukutani. Yalikuwa ya Happy wa kidato cha tatu, binti wa Mrisho muuza kahawa. Mbegu zile zile, udongo ule ule, maji sawasawa. Moja limetiwa mbolea, jingine halikutiwa, ili ionekane mbolea inafanya kazi gani. Nyumbani mbuzi wangeyala, akayaleta hapa. Kesho ni mashindano ya sayansi, na kopo lisilotiwa kitu ndilo lililonawiri.

Mrisho alidai udongo wa Uyole una kiburi, haupendi kusaidiwa. Ambokile, aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani tu, akapinga.

— Limemwona mwenzake anakula, likaingiwa wivu. Wivu una vitamini, bwana. Dua la kuku halimpati mwewe.

— Kuku hapo ni nani? Mrisho akauliza.

— Ndiyo ukafikirie.

Kila asubuhi Ndola alikuwa akilidondoshea lile kopo lisilotiwa mbolea samadi kidogo. Kwao huwezi kupita mmea wenye majani ya manjano ukaenda zako. Mipaka yote aliyovuka, na bado haragwe lilimtoa machozi.

Happy akafika na sare yake, akawaamkia, akachokonoa udongo wa lile kopo. Akanusa vidole.

— Baba, haya si mashapo ya kahawa?

— Lilikuwa linanyong'onyea, mwanangu. Nikalionjesha.

Profesa akakohoa, akasema majivu aliyotia yeye hayahesabiki, maana majivu si mbolea, ni majivu. Ndola naye akaona aibu ya kubaki peke yake.

— Samadi ni yangu, mama. Kidogo tu.

— Na lile lingine mlililisha nini?

— Lile lilikuwa limeshiba.

Happy akaketi kwenye benchi katikati yao. Hakulia; angelia, wangejua la kufanya.

— Kesho wakiniuliza, kati ya kahawa, majivu na samadi, ni kipi kimelikuza, nijibu kipi?

Mrisho akalinyanyua birika, akalirudisha kwenye jiko bila kummiminia mtu.