Kisigino cha Kushoto

Sogeeni, wanangu, Ngassa na wewe Scolastika, maana pumzi yangu imebaki kidogo na jambo hili sitaweza kulisema mara mbili. Shamba la mtama la bondeni ni lenu nyote wawili. Vyungu vyangu ni vya Scolastika, na Ngassa asivikodolee macho. Hayo yamekwisha. Sasa sikilizeni habari ya njuga zile zinazoning'inia ukutani.

Zilikuwa za Mbuke, mwalimu wangu wa ngoma. Jamani, yule mama! Alikuwa akimwaga majivu uani pake, akituchezesha juu yake sisi wasichana wake, halafu anainama kusoma nyayo, huyu kakanyaga kwa uvivu, yule kaogopa, na kwangu neno lilikuwa lile lile kila siku: "Mageni, unaburuta kisigino cha kushoto." Kubeba mtungi, kushika jembe, hata kuvuta pumzi siku ya kuwazaa ninyi, vyote nilijifunza kwenye majivu yale. Nilimpenda sana.

Lakini nilitaka kuongoza mimi. Mwaka ule kabla ya nzige, asubuhi ya kushindana na kundi la Maganga, Mbuke alipokwenda kisimani nilikatiza juu ya majivu ya uani hadi mlangoni, nikalegeza kamba ya njuga zake, nikidhani ataaibika kidogo tu, anipishe mbele. Zikamwanguka katikati ya uwanja. Watu wakatukimbia, wakahamia upande wa Maganga, ndivyo kwetu kundi linavyoshindwa. Naye akacheza mpaka mwisho, miguu mitupu, akitazamwa na vikongwe wawili na mbwa.

Wakasema Maganga kamfanyia dawa. Tulipomrudisha nyumbani Mbuke aliinama mlangoni, akayatazama majivu, akachukua ufagio akayafagia mwenyewe. "Maganga hakunifanya kitu," akasema, wakadhani anamwogopa. Kisha akanigeukia taratibu, kama vile tuko mazoezini: "Mageni, bado unaburuta kisigino." Basi. Hakuongeza neno hadi anakufa, na mavuno yaliyofuata akanifunga njuga hizo kwa mikono yake, akaniweka mbele. Nilicheza huku nalia.

Nami nikanyamaza, ee, miaka hii yote, watu wakimkwepa Maganga kisimani na msibani. Wewe Ngassa ulipomtaka binti yake, Justa, nikakwambia hatuoi kwa wachawi, ukaondoka kwa hasira kwenda kuchimba dhahabu Geita. Justa hajaolewa mpaka leo, nani angemchukua? Nisamehe, baba.

Chukua njuga hizo, umpelekee Maganga, useme yote mbele ya watu wake, usinifichie hata moja. Justa akikubali, azivae. Nenda sasa hivi ningali hai, ili Maganga akitaka kunitukana aje anitukane mwenyewe.

Scolastika, niinue kichwa... hapo. Mwageni majivu uani, wajukuu wangu wacheze. Mungu awape miguu myepesi, na mtu wa kuwaambia kweli taratibu, kama nilivyoambiwa mimi.

Amekwenda? Nazisikia njuga... Ngassa! Kisigino, baba. Inua... kisigino.