Msiri wa Wafalme: Bwana Anselme Rocheteau Aaga Jukwaa

Tarehe 30 Juni 1984 Bwana Anselme Rocheteau anastaafu, baada ya kulitumikia jukwaa letu la Dijon miaka thelathini na tisa. Alitaka iwe arobaini. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike kwa uchangamfu, nimejaribu, umegoma.

Alijiunga nasi mwaka 1945, kijana mwembamba kutoka Auxonne, amevaa viatu vya marehemu kaka yake. Alitarajia kuwa mfalme katika tanzia. Akapewa nafasi ya msiri, yule anayesimama kando mfalme akilia, akajibu mishororo miwili, kisha akaenda kuleta habari za kifo. Hakutoka tena kwenye nafasi hiyo. Amesikiliza vilio vya wafalme kumi na saba, malkia hatujawahesabu. Bi Odile Marchais, malkia wetu wa siku nyingi, hupenda kusema katika chumba cha mavazi: "Jamani, Anselme ananisikiliza kuliko waume zangu wote watatu!"

Kumbe hakuwa akimsikia. Masikio yake yalianza kufa mwaka 1975. Niligundua siku ngazi ilipoanguka nyuma yake: sote tuliruka, yeye akaendelea kufunga viatu. Alinishika mkono. "Yvette, nakuomba. Ukisema, wataniweka mlangoni nikate tiketi. Afadhali wanizike."

Nikanyamaza. Jukwaani alisoma midomo. Mwenzake akimpa mgongo, alihesabu mizani kumi na mbili za kila mshororo kwa kutazama mabega yanavyopanda na kushuka. Nami nilisimama pembeni na glavu nyeupe, nikiinua mkono zamu yake ikifika. Kwa miaka tisa hakuna mtazamaji aliyeshtukia. Katika daftari la jukwaa, linalosomwa na uongozi, niliandika kila siku kwamba hakuna la kuripoti.

Februari mwaka huu, wakati wa mazoezi, pazia la kasri lilikuwa likishushwa pamoja na boriti yake. Lucien Pageot, fundi wetu wa mapazia, alipiga kelele mara tatu: "Kichwa, Anselme! Toka hapo, mzee! Toka!" Boriti ilimvunja mfupa wa mtulinga. Ingesogea nusu shubiri, tungekuwa tumemzika. Siku hiyo niliandika ukweli daftarini, na wiki mbili baadaye akapokea barua ya kustaafu.

Aliamini kuwa aliyemchongea ni Lucien. Tangu hapo hamsalimii, wala hapokei hata glasi ya divai kutoka mkononi mwake. Lucien anajua nani aliandika. Alinitazama, akarudi kwenye mapazia yake. Mimi nimekuwa mwoga miezi minne mizima, nikila nao meza moja huku naona haya.

Anselme, ningekuja kukuambia ana kwa ana, ila midomo yangu ingetetemeka na usingeweza kuisoma. Si Lucien. Ni mimi. Boriti ile ikishuka tena leo, nitaandika tena, na nitalia tena.

Kwa niaba ya wote, asante kwa kutusikiliza ulivyoweza. Nakuombea uzee mtulivu huko Auxonne, bustani isiyo na konokono wengi, na bega lisilouma wakati wa baridi. Kwenye sherehe ya kukuaga Lucien atakaa safu ya tatu, upande wa kushoto. Mpe mkono.

Yvette Guillemin, msimamizi wa jukwaa