Mrudisheni Fahali Mchana

Njooni karibu, wanangu. Maroa, iache nje hiyo bunduki ya serikali, maana leo nasema na watoto wangu, si na polisi wa akiba. Robi, niinulie mto. Sikilizeni mara moja, pumzi yangu haitoshi kurudia.

Shamba la bondeni, la tumbaku, ni la Maroa. La juu, pamoja na migomba, ni la Jeff. Nyumba hii na ng'ombe wa maziwa ni vya Robi, na asitokee mtu kumwambia kwamba binti harithi. Ni yeye aliyeniosha wakati huu wote. Hayo ni mepesi. Zito liko zizini.

Mnajua nilizaliwa ng'ambo ya kijito. Nilipoolewa hapa kilikuwa maji tu, tukifulia kando zote mbili na kuazimana chumvi. Kisha serikali ikaigawa lokesheni, sisi tukapewa chifu wetu na wa ng'ambo wakapewa wao, na tangu hapo mbuzi akipotea huitwa vita. Nyumba zilizochomwa mmeziona. Kafyu mnaiishi.

Juzi Jeff alirudi na fahali mwekundu, akasema amemnunua mnadani Ntimaru. Nilijikokota hadi zizini nikishika ukuta, nikalipapasa sikio lake. Mkato ule ni wa boma la baba yangu. Nikiwa msichana nilikuwa nikishika kamba ndama wakikatwa. Nikamwambia Jeff, akacheka. "Mama, ng'ombe hana kitambulisho." Mwanangu, sikio ndilo kitambulisho chake, na umewaibia wajomba zako.

Sasa elewa. Nikifa, watakuja. Kafyu iwepo isiwepo, kaka yangu Nchagwa hatakubali nizikwe bila yeye kutia udongo, na njia ya kaburini inapita kando ya zizi. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho ni changu. Vijana wake watashika majembe, na mishale itakuwa imefungwa ndani ya blanketi; nawajua, ni watu wetu. Maroa naye atakuwa na bunduki yake. Asubuhi mtachimba kaburi moja, na kufikia jioni hamtajua mmechimba mangapi.

Usimchinje, Jeff, najua umeshalifikiria hilo. Ngozi nayo ina sikio. Wala usimvushe usiku: anayerudisha usiku ni mwizi aliyeogopa, anayerudisha mchana ni mtu. Robi atatangulia na majani mabichi ya amani mkononi, wewe utamvuta fahali kwa kamba, bila hata fimbo, na umwite Nchagwa mjomba kabla hujakanyaga maji. Akikupiga, pigwa. Maroa abaki hapa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini nyumba hii haijamaliza kula la kwanza, lile la kugawanywa kwa lokesheni.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto watakaozeeka. Mgongo wangu, Robi... acha, acha tu.

Jua bado liko juu. Nendeni sasa, nami nitasikiliza lango la zizi. Mti wake umekauka, hulia likifunguliwa. Nikilisikia nitalala.

Mbona lango halijalia? Maroa, uko wapi?

Hicho ni chuma cha bunduki kikiinuliwa ukutani. Nakijua. Nilisema lango, mwanangu... lango.