Zablon Obuya, Bwana Mseto, 1961–2009

Mchungaji, jamaa, marafiki na wanachama wa Tuinuane mliokuja, mimi ni Joyline, dada yake mdogo na aliyekuwa mweka hazina wenu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Yala, akiwa wa kwanza kati yetu wawili, akasoma msingi na sekondari hukohuko, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhitimu shahada ya biashara mwaka 1985. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya bima hapa katikati ya jiji, akapanda hadi kuwa meneja wa uwekezaji wa pesa za wastaafu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupewa barua ya onyo. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Peres, wakajaliwa watoto wawili, Akeyo na Omollo, wakafanya makao Loresho.

Mwaka 2004 alikubali kuwa mshauri wa Tuinuane, chama chetu cha kuwekeza cha Kangemi, watu ishirini na wawili, akitufundisha kila Jumapili baada ya ibada kwamba faida haipimwi bila kupima hatari yake, na kwamba hisa kumi zinazoanguka siku moja ni sawa na hisa moja, ndipo akatuchagulia mseto wa hisa za benki, saruji, chai na umeme, nasi tukamcheka na kumwita Bwana Mseto.

Hapa wazee wameniomba niruke, nami sitaruka. Februari 2008 dalali wa hisa aliyeshika mali yetu yote alifunga ofisi, ikagunduliwa kwamba alikuwa ameziuza hisa zetu kisirisiri, na mseto wote ukaenda kwa siku moja. Mlimlaumu Zablon, wengine mkaacha kumsalimia langoni pa kanisa, naye akasimama mkutanoni akasema, "Hesabu ilikuwa yangu, msitafute mtu mwingine." Hakusema kweli. Yeye alitaka hisa zigawanywe kwa madalali wawili, aliniandikia hata majina yao, mimi nikaona fomu zimekuwa nyingi, na dalali yule tulikuwa tukiimba naye kwaya, nikampelekea kila kitu. Kaka yangu alijua, na hakunitaja hata kwa mkewe.

Tangu hapo presha ilimpanda, usingizi ukamhama, Mei mwaka huu akapatwa na kiharusi, akalazwa wiki kumi na mbili, na Jumanne tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, akatuacha. Daktari hakusema ni aibu iliyomuua, lakini mimi sipati kulifikiria jambo lingine.

Tunamshukuru Daktari Vaishali na wauguzi wake, majirani wa Loresho, hasa Mama Gurleen aliyetuletea chai kila jioni, na wafanyakazi wenzake wakiongozwa na Bwana Viraj. Wanachama wa Tuinuane, wa kulaumiwa ndiye huyu anayewasomea, mtanikuta langoni, ila kwanza piteni hapa jenezani mumsalimie.

Lala pema, kaka, hesabu yako ilikuwa sawa.