Sakadachi Si Jina la Pepo

Mheshimiwa Mchungaji Ruhimbika, wazee wa kanisa, ndugu wageni mliotoka Columbus, wazazi wenzangu wa hapa Louisville, na wewe Mwalimu Haruko tunayekuaga: Bwana asifiwe.

Mimi ni Rakeli, mama yake Isaro. Nimeombwa niseme maneno mazuri ya kuaga. Bon, nitayasema, lakini nina hasira, na afadhali mjue mapema.

Mwalimu huyu alifundisha watoto wetu mazoezi ya viungo kila Jumamosi katika ukumbi wa chini, kwa maneno ya kwao Japani. Zenten, kubiringika kwenda mbele. Sokuten, kupinduka kwa ubavu kama gurudumu. Sakadachi, kusimama kwa mikono. Isaro, ambaye nikimwita ananijibu kwa Kiingereza, sasa ndiye aliyeanza kuniita nikiwa jikoni: "Mama, angalia sakadachi."

Kisha Mzee Karaha akapita mlangoni, akasikia watoto wakiitikia maneno hayo kwa pamoja. Jumapili akasimama ibadani: "Ile majina iko ya mapepo. Batoto wanayaita, yanakuja." Donc tukafunga na kuomba. Binti yangu akawekewa mikono kichwani, analia. Ukumbi ukatiwa kufuli. Je, nani alimuuliza mwalimu maana ya maneno yake? Alikuwa ameketi nyuma yenu.

Sisi tunaonena kwa lugha ambazo hata wenyewe hatuzielewi, tunaogopa neno la mazoezi? Sisi tuliofukuzwa milimani kwetu na majirani waliosema sisi si wenzao, ndio tunamtilia shaka mgeni kwa sababu ya lugha yake?

Na tuambiane ukweli. Wavulana waliposimama kwa mikono, mlicheka mkapiga makofi. Mapepo yalionekana siku miguu ya wasichana ilipokwenda juu.

Mwalimu, mwanangu alifika nchi hii akitembea kando ya ukuta. Ulimfundisha kuanguka, akainuka anacheka. Unakwenda Buffalo, ambako kanisa moja la mtaa wa East Side limekupa ukumbi tuliokunyima sisi. Naona haya kwa ajili yetu sote. Asante, mama.

Wazee wangu, ukumbi ni wenu, endeleeni kuufunga. Mimi makochi nimeshayatoa sebuleni. Jumamosi Isaro atawafundisha wadogo zake kwangu, kwa maneno yale yale, na wasichana watatangulia.

Nawashukuru wote mlionisikiliza, hata mliokuwa mnatazama chini.