Methodius Ndahiro, Mpiga Zeze wa Kaburini

Ndugu waombolezaji, mimi ni Cosmas, shemeji wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Mzee Methodius Ndahiro alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Ruyigi, Burundi, mtoto wa pili wa Mzee Rugaba na Mama Florida, na mwaka 1972 wazazi wakakimbia naye hadi Tanzania, akasoma shule ya msingi Ulyankulu, akajifunza useremala, na baba yake akamrithisha zeze la uzi mmoja, ambalo hakuliweka chini hata tarehe 8 Juni 1991 alipofunga ndoa na dada yangu Kostansia, wakajaliwa Fides na Jovini.

Mwaka 2007 walifika Louisville, Marekani, akapakia mizigo ghalani kule South End, na mwaka 2012 wakahamia Reynoldsburg, Columbus, ambako kikundi cha Wamarekani wanaoigiza michezo ya kanisani ya miaka mia nane iliyopita, kwa ala za zama zile zile, kilimletea fidla iliyopasuka, nyuzi zake za utumbo wa kondoo, naye alipoiunga akaijaribu kwa mkono wa zeze la baba yake, basi hawakumwachia tena.

Kila Pasaka, katika mchezo wao, aliketi kando ya kaburi la mbao akiwapigia wanawake watatu wanaokuja kumlilia Bwana, na dada yangu, si mnamjua, akasema mwanamume wa kushinda kaburini anajichuria kifo, akagoma kwenda miaka tisa mizima, shemeji akawa anacheka tu, lakini lilimuuma, kwa maana alichotamani kuliko vyote ni mkewe amwone akipiga, hata mara moja.

Mwaka 2022 figo zilimsumbua, wakahamia kwa Fides hapa Buffalo, karibu na Grant Street, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 26 Aprili 2025 kikundi kikamfuata na mchezo wao hadi kanisani kwetu, akapiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na dada yangu, baada ya kubembelezwa wiki nzima, akaja akakaa karibu na mlango, tayari kutoka. Jamani, wale watatu walipoanza kulia hakuvumilia, kwetu mfiwa haachwi peke yake, akapita katikati ya watu, akaketi sakafuni nao, akawafunika kitenge chake, akawabembeleza wanyamaze, na mama zetu wengine wakamfuata, wageni wakadhani mchezo ndivyo ulivyo, na shemeji akaendelea kupiga huku machozi ya furaha yakimtoka.

Alifariki tarehe 19 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, wenzake wa ghalani mliotoka Louisville, na kikundi chake cha Columbus, ambacho wale waigizaji wake watatu wa kaburini wamefika tangu jana, na mnawaona hapo mbele, wameketi chini na dada yangu, wamemfunika kile kitenge.

Pumzika kwa amani, shemeji, Kostansia hayuko peke yake.